Maswali na Majibu: Kupwelewa na Sauti Mara kwa Mara

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Muhula ukifika katikati, sauti hunikauka kabisa kwa siku tatu au nne, kisha hurudi ikiwa nzito na yenye kukwaruza. Wakati wa likizo ninapona. Je, haya ni mafua tu?

Jibu: Mwalimu, maradhi yanayofuata ratiba ya kazi na kuondoka wakati wa likizo ni nadra kuwa mafua. Ndani ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho kooni, kuna nyuzi mbili za sauti ambazo hukutana na kuachana kila unapotamka neno, kwa mwanamke takriban mara 200 kwa sekunde na kwa mwanamume zaidi kidogo ya mara 100. Kwa hesabu hiyo, mwanamke akitoa sauti kwa jumla ya saa moja tu kwa siku, nyuzi zake zimegongana mara 720,000, na anapolazimika kuyashinda makelele ya darasa kila mgongano huwa mkali zaidi. Mwanzoni nyuzi huvimba, na uvimbe huo hutulia ukipumzika. Lakini kazi ikiendelea juu ya uvimbe, panapogongana zaidi huota vinundu, kama vile kiganja cha mtu wa jembe kinavyoota sugu.

Vinundu hivyo vikitazamwa kwa kamera huonekana kama vijivimbe viwili vyeupe vinavyotazamana, kimoja kila upande, na nyuzi zinapojaribu kufunga hubaki upenyo mbele na nyuma yake. Hewa huvujia humo, ndiyo maana sauti husikika imechanganyika na pumzi na hukatika unapotaka kuipandisha. Tiba ya kwanza, kwa watu wazima walio wengi, si kisu bali ni mazoezi chini ya mtaalamu wa tiba ya usemi na sauti, kwa sababu mtu akifanyiwa upasuaji kisha akarudi kuzungumza vilevile, vinundu navyo hurudi.

Wakati unasubiri kumwona mtaalamu, acha kabisa kuita wanafunzi kwa kupaza sauti: piga makofi au kengele, sogea karibu nao, na kama inawezekana tumia kipaza sauti kidogo cha kuvaa. Jipe dakika chache za kunyamaza baada ya kila kipindi. Usikohoekohoe ili kusafisha koo, kwani tendo hilo huzigonga nyuzi kwa nguvu. Meza mate au kunywa funda la maji badala yake. Lipo pia zoezi moja dogo ninalolipenda kwa sababu halihitaji chochote isipokuwa mrija na glasi ya maji: chovya mrija kidogo majini, kisha toa mvumo mwororo kupitia mrija huo hadi viputo vitokee, kwa dakika mbili au tatu, mara kadhaa kwa siku. Mgandamizo wa hewa unaorudi nyuma huzisaidia nyuzi kutetema bila kugongana kwa nguvu.

Swali: Sauti ikinipotea huwa ninanong'ona siku nzima ili kuipumzisha. Ninafanya vema?

Jibu: Kunong'ona si kupumzika. Watu wengi wanaponong'ona hukaza misuli iliyo juu ya nyuzi za sauti, na mkazo huo huwafuata hata baada ya sauti kurudi. Ama unyamaze kweli kwa siku mbili au tatu, ama uzungumze kwa sauti ndogo ya kawaida inayomfikia mtu aliye umbali wa mkono. Kunyamaza kwa wiki nzima kwa amri yako mwenyewe hakuna haja.

Swali: Kila nikikaukiwa na sauti ninanunua antibiotiki, na ninakunywa maji ya moto yenye asali. Lakini hali hujirudia kila baada ya miezi miwili. Nibadilishe dawa?

Jibu: Zoloto linapovimba ghafla pamoja na mafua, chanzo kwa kawaida ni virusi, ambavyo antibiotiki haiviui, hali hiyo hupona yenyewe ndani ya wiki moja au mbili, na wewe umekuwa ukiishukuru dawa kwa kazi iliyofanywa na mwili wako. Asali haina ubaya kwa mtu mzima, nayo hutuliza koo, ila usidhani inazigusa nyuzi za sauti. Unachomeza hupita nyuma, kwenye umio. Kingeingia katika nyuzi ungepaliwa na kukohoa mpaka machozi yatoke. Maji huzifaidi nyuzi kwa kupitia mwilini, ndiyo maana inafaa kunywa kidogo kidogo siku nzima.

Kwa kuwa hali yako inajirudia, kinachopaswa kubadilika ni swali, si dawa. Je, unazungumza kwa nguvu kazini? Unavuta sigara? Huamka na sauti nzito na ladha chungu mdomoni, dalili kwamba huenda asidi ya tumbo inapanda usiku hadi kooni, hata bila kiungulia? Je, umenenepa bila sababu, unahisi baridi na uchovu, mambo ambayo pamoja na sauti nzito yanaweza kuashiria kwamba tezi dundumio, ile iliyo mbele ya shingo, inafanya kazi kidogo kuliko inavyopaswa? Mpelekee daktari majibu haya.

Swali: Nina pumu, na tangu nianze dawa ya kuvuta yenye steroidi sauti yangu hukwaruza. Niiache?

Jibu: Usiiache, kwa sababu ndiyo inayokukinga na shambulio la pumu. Sukutua koo kwa maji na uyateme kila baada ya kuivuta, na mwombe daktari akuangalie jinsi unavyoitumia au akubadilishie aina ya kifaa.

Swali: Baba yangu ana miaka 58 na amevuta sigara tangu ujana. Sauti yake imekwaruza kwa miezi miwili; hupata nafuu kidogo lakini haijarudi kamwe kama zamani. Anasema ni vumbi.

Jibu: Ninakuomba usiliache jambo hili lipite wiki hii. Mtu yeyote ambaye sauti yake haijarudi baada ya wiki nne anapaswa kutazamwa zoloto, na mvutaji sigara hapaswi kusubiri hata muda huo. Tunachotaka kukiondolea shaka ni saratani, na ninaitaja waziwazi kwa sababu saratani inayoanzia kwenye nyuzi za sauti hujitangaza mapema: kivimbe kidogo tu ukingoni hubadilisha sauti, na ikigunduliwa katika hatua hiyo wagonjwa wengi hupona kwa mionzi au kwa upasuaji mdogo.

Mwambie baba kwamba uchunguzi wenyewe hauogopeshi. Mwaka 1854 Manuel García, mwalimu wa uimbaji wala si daktari, aliziona nyuzi zake mwenyewe kwa kioo kidogo na mwanga wa jua. Leo daktari wa masikio, pua na koo hupuliza dawa ya ganzi puani, hupitisha mpira mwembamba wenye kamera, na humwomba mgonjwa atamke "iii" huku akitazama kama nyuzi zote mbili zinasogea. Ukionekana uzi mmoja umelala, hasa wa kushoto, atataka pia picha ya kifua, kwa kuwa mshipa wa fahamu wa upande huo hushuka hadi kifuani na kuuzunguka mshipa mkuu wa damu kabla ya kupanda tena shingoni.

Akianza kupumua kwa mlio, kushindwa kumeza au kukohoa damu, msisubiri miadi. Nendeni hospitali siku hiyohiyo. Vinginevyo, andika kwenye karatasi tarehe sauti ilipoanza kubadilika, miaka aliyovuta sigara na kama kuna uvimbe shingoni au maumivu ya sikio, kisha uingie naye chumbani kwa daktari, maana sauti aliyobakiwa nayo huenda isitoshe kueleza yote hayo.