Mafundi wako ndani, mtoto anakohoa

Dada wa Ujiji, pole. Umesema mafundi wanabomoa lipu ya zamani, mwanao wa mwaka mmoja na nusu anakohoa usiku, na shemeji, yaani mumeo, hataki mhamie kwa bibi wa mtoto kule Mwanga.

Nilikarabati nikiwa na mtoto wa umri huo. Kilichonitisha kuliko vumbi ni pipa la maji ya fundi. Mtoto huzama hata kwenye ndoo yenye maji kidogo, tena kimya kimya. Kila jioni yamwagwe. Simenti mbichi nayo inaunguza ngozi: ikimgusa, mvue nguo, mwoshe kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, osha muda mrefu kisha hospitali.

Rangi ya zamani wasiikwangue ikiwa kavu, huenda ina madini ya risasi (lead), nayo hudhuru ubongo wa mtoto. Waloweshe ukuta kwanza, na wewe upige deki, usifagie. Siku za kubomoa tu, mwombe shemeji mlale kwa bibi. Mwambie ni kifua cha mtoto, si kwamba unaikimbia nyumba.

Akipumua haraka, mbavu zikibonyea ndani, au akishindwa kunyonya, mpeleke kituo cha afya usiku huo huo.