Kabla ya tanuri

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imenifikia nami ni mzima, alhamdulillah. Umeniuliza kama ununue tanuri la umeme, uliweke katika chumba cha nyuma hapo Malindi, upate kuchoma vikombe na sahani zako mwenyewe badala ya kuvipeleka kwa watu. Nami nakuuliza: udongo ule wa mto Sabaki, ulioniandikia kwamba umeanza kuuchanganya, unauchambua?

Unakijua chungu cha marehemu bibi yako, kile chenye kovu ubavuni ambacho nyote mlikatazwa kukigusa. Nilikifinyanga mimi, nikiwa na miaka 14, katika uwanja wa nyumba yetu ya Lamu. Udongo tulikuwa tukiletewa kwa mashua kutoka bara, na kazi yangu ilikuwa kuuponda, kuuchekecha na kuokota kila chembe ya kombe, yale magamba ya pwani, kabla haujakandwa. Siku ile nilikuwa na haraka ya kwenda arusini. Bibi yako aliniuliza, "Umechambua?" Nikajibu, "Nimechambua." Chungu kikakauka kivulini, kikachomwa kwa makumbi ya nazi na makuti, kikatoka chekundu, kizuri mno, na ukikigonga kinalia. Jirani akakinunua. Siku ya nne akakirudisha mbele ya wageni, akakiweka barazani bila neno la hasira: ubavuni pamebanduka kibanzi, na ndani ya kishimo mna doa jeupe. Angenitukana ningepona mapema. Bibi yako alimrudishia fedha zake, kisha akakipandisha chungu juu ya kabati, mahali ambapo nisingeweza kupita bila kukiona.

Doa lile lilikuwa chokaa. Kombe likiungua hugeuka chokaa, na chokaa ile ikipata unyevu huvimba na kuusukuma udongo hata ukabanduka. Ndiyo kazi ya tanuu la chokaa, lililochoma matumbawe ya kujengea mji wetu. Nimesema mara nyingi, nanyi mkicheka, kwamba chombo huharibika kabla hakijaona moto. Ikiwa makumbi, ambayo moto wake haudumu, yaliweza kufanya hivyo, tanuri litakalofika nyuzi 1000 na kutulia hapo litalipika kombe hadi kiini.

Utanijibu kwamba udongo wako mwingi hununuliwa umekwisha kuchujwa. Ni kweli, na hapo hoja yangu inapwaya. Tena moto wetu wa uwanjani hauwezi kuyeyusha kile kipako cha kioo, na kikombe kisicho nacho hunywa chai pamoja na mnywaji. Lakini huo wa Sabaki unauchota karibu na mlango wa mto, penye makombe, na chombo huharibika kabla hakijaona moto.

Sisemi ununue, wala sisemi usinunue. Ulimi unaniwasha, ila fedha ni zako. Chukua kikombe kimoja chenye udongo wa mtoni, kilichokwisha kuchomwa, ukiache siku kumi jikoni karibu na mvuke wa birika. Kisha kipapase kwa kidole gumba, ndani na nje, uniandikie ulichokikuta.

Mamako