Jibu: FEEL inanipa null kwenye bei ya zabibu, na juzi ilikuwa inafanya kazi

Habari mkuu. Unasema kwenye FEEL, lugha ya fomula za kuandikia kanuni za maamuzi, jedwali[zao = "zabibu"].kiasi lilikuwa likikupa bei sawasawa, ila tangu mnunuzi wa Hombolo aongezewe mstari wake, malipo yote yanatoka null, yaani hakuna thamani.

Anza hapo hapo kwenye kichujio, yaani sharti lililo ndani ya mabano [ ]. Kichujio cha FEEL hurudisha orodha siku zote, hata kikipata mstari mmoja. Ulipokuwa na mmoja kilitoa [1800]. Kigeu chako umekitangaza kuwa number (namba), basi FEEL ikaitoa 1800 ndani ya orodha yenyewe bila kuombwa. Sasa inapata [1800, 2000]. Orodha ya vitu viwili haigeuki kuwa namba, inakuwa null, na kilo * null ni null pia. Hakuna kosa linaloonyeshwa, ndiyo maana linasumbua.

Usikimbilie kuweka [1] mwishoni. Null itaondoka, lakini mkulima wa Hombolo atalipwa bei ya mtu mwingine. Ongeza sharti:

jedwali[zao = "zabibu" and kituo = "Hombolo"].kiasi

Bado ni null? Pima kilo instance of number, yaani uliza kama kilo ni namba. Ikitoa false, huenda kilo zinaingia kama maandishi, "250". FEEL haigeuzi maandishi kuwa namba kimyakimya kama Excel; tangaza ingizo hilo kuwa string (maandishi), kisha geuza mwenyewe: number("1,250", ",", "."), ambapo mkato hutenga maelfu na nukta ni ya desimali. Tarehe nazo vivyo hivyo, tumia date("2024-08-15").