Pesa ya nani? Kwa anayeanza kufuatilia sheria za silaha za Marekani

Ukisikia Marekani imeipelekea nchi fulani silaha, usikimbilie kuuliza kama sheria imevunjwa. Uliza kwanza nani amelipa. Sheria ya Misaada ya Nje ya 1961 inahusu zaidi kinachotolewa kama msaada. Ile ya Udhibiti wa Usafirishaji wa Silaha ya 1976 inasimamia mauzo, iwe serikali inaiuzia serikali nyenzake au kiwanda kinauza chenyewe kwa kibali. Magazeti yetu huviita vyote "msaada wa kijeshi", na mgeni katika kazi hii hupotelea hapo.

Chukua Sheria ya Leahy, inayobeba jina la Patrick Leahy, seneta wa Vermont aliyeipigania miaka ya 1990. Inakataza kukisaidia kikosi cha usalama cha nchi ya nje pakiwa na taarifa za kuaminika kwamba kimetesa, kimebaka, kimeua watu kinyume cha sheria au kimewateka na kuwafanya watoweke. Kinachofungiwa ni kikosi, nchi haifungiwi. Kwa hiyo kitengo kimoja cha polisi kinaweza kunyimwa mafunzo huku cha jirani yake, chini ya wizara ile ile, kikiendelea kuyapata. Halafu sheria hii inagusa msaada tu. Serikali ikinunua kwa kodi za wananchi wake, Leahy haiingii. Nimesoma barua nyingi za wanaharakati zenye ushahidi mzito, zikipinga ununuzi kwa kutumia sheria isiyouhusu ununuzi huo. Afisa anayezipokea hujibu kwa sentensi moja na kufunga faili.

Kwa upande wa mauzo, jifunze kifungu cha 36 cha sheria ya 1976. Mauzo ya serikali kwa serikali yakivuka kiwango fulani, yaani dola milioni 14 kwa zana kubwa za kivita kwa nchi nyingi, Bunge la Congress lazima lijulishwe siku 30 kabla. Wanachama wa NATO na marafiki wachache kama Japani na Israel wana viwango vya juu zaidi na siku 15 tu. Lakini tangazo si mauzo. Januari 2017 Congress ilijulishwa kwamba Kenya ingeweza kuuziwa hadi ndege 12 za Air Tractor zenye silaha, pamoja na mbili za mafunzo, kwa makadirio ya dola milioni 418. Vichwa vya habari viliandika kana kwamba ndege zimeshatua. Ununuzi huo haukukamilika. Kelele kubwa Washington ilitoka kwa mbunge wa North Carolina, Ted Budd, ambaye jimboni kwao kulikuwa na kampuni iliyotaka zabuni hiyo. Usidhani kila pingamizi kule linahusu haki za binadamu.

Je, Congress inaweza kuzuia mauzo? Kwenye karatasi, ndiyo. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya 1983 katika kesi ya Chadha, azimio la kuzuia linahitaji saini ya rais, au theluthi mbili ya kila baraza ili kuishinda kura yake ya turufu. Mwaka 1986, katika mauzo ya makombora kwa Saudi Arabia, Seneti ilipungukiwa kura moja tu. Mwaka 2019 Trump alipiga turufu maazimio matatu kwa mpigo. Mpaka leo hakuna azimio la aina hii lililofanikiwa kuzuia mauzo.

Breki halisi iko kwenye desturi ambayo hutaikuta katika kifungu chochote. Kabla ya tangazo rasmi, wakuu wa kamati za mambo ya nje za mabaraza yote mawili, wa chama tawala na wa upinzani, huonyeshwa mpango, na mmoja wao akikataa, kwa kawaida serikali husubiri. Bob Menendez, alipokuwa mkuu wa kamati hiyo ya Seneti, aliishikilia hivyo Uturuki na ndege zake za F-16 kwa muda mrefu. Ukitaka kujua mauzo yatapita au la, fuatilia watu hao wanne kuliko kura za bungeni.

Jambo la mwisho ni milango ya kutokea. Sheria ya 2008 ya kuzuia utumikishaji wa askari watoto hubana aina kadhaa za msaada wa kijeshi, na huziangukia pia serikali zinazounga mkono makundi yenye askari hao. Marekani hutoa orodha ya serikali hizo kila mwaka. Rwanda iliorodheshwa 2013 kwa sababu ya M23, kundi la waasi wa mashariki mwa Kongo ya Kinshasa. Kongo hiyo yenyewe imekuwemo tangu orodha ya kwanza ya 2010. Lakini rais anaweza kuiachia nchi, nzima au nusu, akisema maslahi ya taifa yanadai hivyo, na Kongo imeachiwa namna hiyo mara nyingi. Orodha kwa kawaida hutoka katikati ya mwaka pamoja na ripoti ya usafirishaji haramu wa binadamu, na uamuzi wa rais hufuata kuelekea 1 Oktoba, mwaka wa fedha unapoanza. Andika tarehe zote mbili kwenye kalenda, na usitume habari ya orodha bila kumwambia mhariri kwamba sehemu ya pili bado inakuja.