Katonga si mahali pa matembezi

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama msomaji angethubutu kwenda usiku kwenye daraja linalosemekana lina mzimu. Ujasiri nawaachia vijana. Mimi naona swali ni hili: huyo mzimu anamfaa nani? Maana daraja ninalolijua ni Katonga, huko Uganda, pale barabara ya Kampala kwenda Masaka inapopita kwenye kinamasi cha Lwera, ukishawaacha Kayabwe wale wanaopiga picha kwenye ikweta.

Hadithi yake mnaijua: mwanamke, nguo nyeupe, anaomba lifti, mkifika Lukaya, mji wa mbele, kiti kitupu. Zamani nilikuwa tanboi, yaani msaidizi wa dereva, wa lori la Mombasa kwenda Kigali. Dereva wangu, mzee wa Kisauni, akikaribia pale anazima redio, anashusha kioo na kusema, "Hodi wenyewe, tunapita." Kisha anatupa sarafu majini. Zilikuwa sarafu za Kenya, sijui mizimu ya Buganda ilizibadilishia wapi.

Usiku mmoja fenibelti ilikatika humo humo kinamasini. Mimi niko kwenye injini, mbu wananimaliza, mzee ananimulikia tochi. Mara tochi ikahama. Kutoka upande wa mafunjo ametokea mama, beseni kichwani, leso kifuani. "Wazee, poleni na kazi. Mnifikishe Lukaya." Mzee kimya. Mtu wa pwani anajua jini hutambulika kwa kwato, basi akaishusha tochi polepole hadi miguuni. Mama kavaa gambuti! Gambuti nyeusi za mpira, tope hadi magotini. Kumwambia avue haiwezekani, na kwato hazionekani. Mzee akasoma alichosoma moyoni, akajibu kuwa gari ni bovu, na hilo halikuwa uongo. Mama akatua beseni, akafunua gunia. Ndani kamongo, wale samaki warefu wa kinamasini, mmoja bado anajinyonganyonga. Huyo ni wenu, akasema, mkinipeleka. Mzee akarudi nyuma. Mama akacheka, akajitwika mzigo wake na kushika njia, matrela yakimpita kwa kasi, na barabara yenyewe haina pa kukimbilia ila majini. Hatujamaliza kufunga mkanda, pikapu ikatupita, naye yuko juu ya magunia anatupungia mkono. "Unaona?" mzee akaniambia. "Wamempakia." Aliwahurumia kweli kweli wale wa pikapu.

Hapo ndipo hadithi hii inaponiudhi. Anayeumia ni mchuuzi anayewahi soko la asubuhi. Na kwa nini mzimu awe mwanamke? Tarehe 10 na 11 Machi 1979 askari wa Amin pamoja na Walibya waliotumwa na Gaddafi walipigana hapo Lukaya na Watanzania na Waganda waliotoka uhamishoni. Walikufa mamia. Mwaka 1985 Katonga ikawa mstari wa mbele tena, safari hii vita vya NRA, waasi wa Museveni. Kama Lwera ina mizimu, basi iliyo mingi ni wanaume wenye magwanda, na wangekusimamisha kwa Kiswahili, maana majeshi ya Amin na ya Nyerere yote mawili yaliamrishana kwa lugha hii. Mbona sijasikia dereva hata mmoja aliyesimamishwa na Mlibya?

Mei 2023 maji yalipoikata barabara pale Katonga, na magari ya Masaka yakazungushwa Gomba na Sembabule, wapo waliosema mzimu umekasirika. Wachimba mchanga wa Lwera, wanaolaumiwa kukiharibu kinamasi, nadhani walishusha pumzi, kwani mzimu hauitwi kamatini kujieleza.

Nilianza kuandika nikiwa na nia ya kusema msiende. Sasa naona bora mwende, ila mchana, na msisimame darajani kupiga picha, trela halijui utalii. Shukeni Lukaya, nunueni nyama ya kuchoma, tafuteni wazee waliokuwepo mwaka ule wa 1979, kama bado wana hamu ya kuulizwa. Wengine hawataki, muwaache.

Na mama akiwasimamisha usiku, mpakieni. Mimi ningempakia. Angekaa nyuma na mizigo, lakini, na kamongo wake abaki naye.