Kuhesabu herufi zilizo kabla na baada ya kitenganishi

Swali: Nina safu ndefu ya namba za kumbukumbu katika Excel, zenye muundo kama AB12-90457. Ninahitaji kujua kila seli ina herufi ngapi kabla ya kistari na ngapi baada yake, lakini fomula niliyoandika huleta kosa la #VALUE! katika baadhi ya mistari. Nifanyeje?

Jibu: Tafuta kwanza mahali kistari kilipo, kwa kuwa hesabu zote mbili hutokana na namba hiyo moja. Katika mfano wako, =FIND("-",A2) hutoa 5; kwa hiyo =FIND("-",A2)-1 itakupa herufi 4 zilizotangulia, na =LEN(A2)-FIND("-",A2) itakupa 5 zinazofuata, kwani urefu wote ni 10.

Kosa unalolipata maana yake ni kwamba FIND haikukiona kistari. Wengi hukimbilia kuliziba kwa IFERROR na kuweka sifuri, jambo ambalo silishauri, kwa sababu sifuri ni jibu halali kwa maandishi yanayoanza na kistari, na ukishachanganya hali hizo mbili hutaweza tena kuzitofautisha. Ni afadhali uandike =IFERROR(FIND("-",A2)-1,"hakipo"), kisha uzikague seli zilizojitokeza. Mara nyingi utakuta kistari kinaonekana waziwazi, ila si kile ulichokiandika kwenye fomula: maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye programu ya kuandikia huweza kuja na kistari kirefu kidogo, ambacho kwa macho ni vigumu kukitambua. Kipime kwa =UNICODE(MID(A2,5,1)); kistari cha kawaida hutoa 45, na kile kirefu hutoa 8211. Ukishathibitisha, kirekebishe kwa =SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(8211),"-") katika safu ya pembeni, na uhesabu kutoka huko.

Nafasi tupu nazo huhesabiwa na LEN. TRIM huondoa zile za kawaida zilizo mwanzoni na mwishoni, lakini haigusi nafasi yenye namba 160, ambayo huja sana na data iliyotolewa kwenye kurasa za wavuti; hiyo iondoe kwa SUBSTITUTE na CHAR(160).

Iwapo seli ina vistari zaidi ya kimoja, amua kwanza unakusudia kipi, kwani FIND husimama kwenye cha kwanza. Kwa AB-12-90457, cha kwanza hugawa herufi 2 na 8, ilhali cha mwisho hugawa 5 na 5. Ili kukipata cha mwisho, geuza hicho peke yake kiwe alama isiyotumika kwingine katika data yako:

=FIND("|",SUBSTITUTE(A2,"-","|",LEN(A2)-LEN(SUBSTITUTE(A2,"-",""))))

Sehemu ya LEN mbili huhesabu vistari vyote, na SUBSTITUTE ya nje hubadilisha kile chenye namba hiyo tu. Usitumie SEARCH badala ya FIND pale kitenganishi kinapokuwa nyota au alama ya kuuliza, kwa maana SEARCH huzichukulia alama hizo kuwa zinawakilisha herufi yoyote.