Nimechoka kusikiliza, je, nikimbilie chuo kikuu?

SWALI: Shikamoo, Mshauri. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Tandahimba. Kwa miaka minne sasa nimekuwa pia mnasihi wa shule, kazi niliyoongezewa juu ya vipindi vyangu vya Kiswahili na Historia kwa sababu nilipokuwa chuoni nilisoma saikolojia kidogo. Wanafunzi huja baada ya masomo, tunakaa katika stoo ya vifaa vya michezo, na wengine husema mambo yanayonifuata hadi nyumbani. Sina wa kumwambia, maana nimewaahidi siri. Nafikiria kusoma Shahada ya Umahiri na baadaye ya Uzamivu katika saikolojia ya unasihi ili niwe mhadhiri, nibaki na vitabu na utafiti, niondokane na kukaa na watu wenye maumivu. Je, hilo linawezekana kwa mtu aliye huku Mtwara, na ni uamuzi wa busara?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Njia ipo na nitaieleza, lakini naanza na neno lako lililonigusa zaidi, kwamba huna wa kumwambia. Ahadi ya siri haikukatazi kumweleza mnasihi mwenye uzoefu kile kinachokulemea, mradi jina la mwanafunzi na lolote linaloweza kumtambulisha libaki kwako. Katika taaluma yetu jambo hilo huitwa usimamizi, na hata mnasihi aliyefanya kazi miaka ishirini hulihitaji. Isitoshe, ahadi yenyewe ina mpaka. Mtoto akikueleza kwamba anadhulumiwa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwenye taarifa hizo azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo husika, na mtu wa kumwendea kwa kawaida ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mwanafunzi aelezwe mpaka huo kabla hajafungua moyo, si baada ya kusema. Naamini uchovu wako umetokana na kuachwa peke yako kuliko na maumivu ya wanafunzi, na kama ndivyo, shahada pekee haitakuponya.

Sasa chuo kikuu. Mhadhiri wa fani hii hufundisha darasani, hufanya utafiti, na huwalea wanafunzi wanaojifunza kuhudumia watu, na kazi hii ya tatu ndiyo hasa ungependa kuikwepa. Wanafunzi huanza kwa kukaa watatu watatu, mmoja akiwa mnasihi, wa pili mnasihiwa, wa tatu mtazamaji, kisha wanapelekwa shuleni au hospitalini kuhudumia watu halisi. Wanarudi na sauti walizorekodi kwa ridhaa ya mnasihiwa, na mhadhiri huzisikiliza pamoja nao, akisimamisha pale ambapo mwanafunzi alikimbilia kutoa mawaidha kwa sababu kimya kilimtisha. Ukiwa mhadhiri, maumivu yanayokufuata leo kutoka stoo ile yatakufikia tena kupitia wanafunzi wako, na mara nyingine utahitaji kuingia mwenyewe chumbani pale mwanafunzi anapozidiwa.

Utafiti nao ulikua ndani ya chumba hicho hicho. Mwanasaikolojia Carl Rogers, alipokuwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio nchini Marekani, alirekodi mazungumzo ya unasihi kwenye santuri, na mwaka 1942 akachapisha mazungumzo yote ya mtu mmoja, neno kwa neno. Kabla ya hapo wasimamizi wengi walitegemea kumbukumbu ya mwanafunzi, ambayo kwa kawaida humpendelea mwenyewe. Rekodi hizo zilimpa mwalimu kitu cha kufundishia na mtafiti kitu cha kuchunguza kwa pamoja, ndiyo maana sikubaliani na mpango wako wa kuchukua kimoja na kuacha kingine.

Nakuomba utazame upya kile ulicho nacho Tandahimba. Dodoso la PHQ-9, ambalo hutumiwa sana kupima sonona, lina maswali 9, kila moja likipewa alama 0 hadi 3. Mtu akilitafsiri na kuandika kwamba mtu anajisikia «mnyonge», msichana wa kijijini anaweza kujibu kuhusu umaskini wa kwao badala ya hali ya moyo wake. Wewe umesikia kwa miaka minne maneno wanayotumia wenyewe, kama kuwaza sana au moyo kuwa mzito. Kule Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda na wenzake walianzia kwenye neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, wakawafundisha na kuwasimamia bibi wa mitaani kuketi na wagonjwa kwenye mabenchi ya zahanati, kisha wakapima matokeo kwa watu 573 katika zahanati 24 na kuyachapisha mwaka 2016. Mikoa yetu ya kusini ina makungwi ambao wasichana huwajua tangu unyagoni. Msichana wa kidato cha pili humwendea nani kwanza, kungwi au mwalimu, na kipi humwambia mmoja akamficha mwingine? Hilo ni swali la tasnifu, na mtu wa mbali atachelewa kulifikia. Ridhaa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe itahitajika, pamoja na kibali cha maadili ya utafiti.

Kuhusu kusoma ukiwa huku, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina vituo Mtwara na Lindi, hivyo huhitaji kuacha kazi kwa kila hatua. Kabla ya kujiandikisha popote, uliza programu ina saa ngapi za unasihi unaosimamiwa na nani atakusimamia. Wasipoweza kukujibu, tafuta kwingine. Wakati huo huo muulize mkuu wa shule kama vipindi vyako vinaweza kupunguzwa, na utafute mnasihi wa kukusimamia angalau mara moja kwa mwezi, hata kwa simu.

SWALI: Namaliza shahada ya kwanza ya saikolojia na wastani wangu ni 3.6. Je, naweza kuwa mhadhiri? Mwanafunzi, Lindi.

JIBU: Wastani huo ni daraja la pili la juu, linaloanzia 3.5, na unatosha kuombea umahiri katika vyuo vingi. Hata hivyo, matangazo mengi ya ajira ya vyuo vya umma yametaka 3.8 kwa shahada ya kwanza na 4.0 kwa umahiri, kwa hiyo usome kila tangazo neno kwa neno, kwani vigezo hurekebishwa. Ngazi huanza na mkufunzi msaidizi, kisha mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa. Kwa sasa omba kujitolea katika ofisi ya ustawi wa jamii au hospitali iliyo karibu nawe, na uombe usimamiwe tangu siku ya kwanza.